Mwanangu amerudi na karatasi ya hoja dhidi ya Darwin

*"Daktari, mwanangu yuko kidato cha nne hapa Nairobi. Likizo ya Agosti alihudhuria semina ya vijana akarudi na karatasi yenye hoja ambazo, aliambiwa, ni za wanasayansi wenyewe wanaoikataa nadharia ya mageuko: kwamba 'anayefaa ndiye anayebaki' ni maneno ya kuzunguka tu, kwamba Karl Popper, mwanafalsafa mkubwa wa sayansi, alisema si sayansi, kwamba visukuku vya kati (mabaki ya kale ya viumbe walio katikati ya aina moja na nyingine) havipo, na kwamba jicho haliwezi kutokea kidogo kidogo. Halafu ameongeza swali lake mwenyewe: kama uteuzi asilia huondoa walio dhaifu, mbona selimundu, ule ugonjwa wa damu wa kurithi (sickle cell), haijaisha kwetu? Binti ya dada yangu, anayeishi Busia, anaugua. Mimi ni mhasibu, biolojia niliiacha shuleni. Sitaki mtoto afundishwe kudharau dini, wala sitaki adanganywe. Je, kuna ukosoaji wa kisayansi wa kweli, au yote ni porojo?"*

Mama, ukosoaji wa kisayansi upo, na mwingine ulikuwa mzito kiasi kwamba Darwin mwenyewe alikiri unamsumbua. Shida ya karatasi ya kijana ni kwamba imebeba maswali ikaacha majibu njiani, na baadhi ya majibu hayo yana zaidi ya miaka mia moja.

Kwanza tutenganishe mambo mawili ambayo karatasi kama hizo huyachanganya. Wewe ni mhasibu, kwa hiyo nitatumia lugha ya kazi yako. Taarifa ya benki inaonyesha salio limeshuka. Hilo ni jambo moja. Je, limeshuka kwa hundi, kwa M-Pesa au kwa makato ya benki? Hilo ni jambo la pili. Mtu akibishana nawe usiku kucha kuhusu makato, hajasema kwamba salio halijashuka. Vivyo hivyo, kwamba viumbe vimebadilika na vina mababu wa pamoja ni dai la kwanza. Kwamba njia kuu ya mabadiliko hayo ni uteuzi asilia ni dai la pili. Ugomvi mkubwa wa wanasayansi, tangu 1859 kitabu cha Darwin kilipotoka, umekuwa juu ya dai la pili. Anayemnukuu msomi aliyeshambulia la pili, kisha akatangaza kwamba la kwanza limeanguka, anakupeleka mahali msomi huyo hakwenda.

Sasa niende kwa swali la kijana mwenyewe, maana ni bora kuliko yote yaliyo kwenye karatasi.

Hemoglobini ni protini ya damu inayobeba oksijeni. Jeni yake inayohusika na selimundu huja kwa jozi, moja ya baba na moja ya mama. Ya kawaida tunaiandika A, ya selimundu S. Mtoto mwenye SS anaugua. Mwenye AS ni mbebaji: anasoma, anacheza mpira, anazeeka, na mara nyingi hajui lolote. Mimi hufundisha jenetiki, na kuna siku maabara mwanafunzi mmoja alijitolea damu yake kwa jaribio. Tulitia tone la damu kwenye kioo, tukaongeza sodiamu metabaisalfaiti, ambayo huondoa oksijeni, tukafunika na kusubiri. Baada ya muda zile seli zilizokuwa duara kama sahani zikaanza kujikunja, moja, kumi, mpaka uwanja wa hadubini ukajaa miandamo ya mwezi. Kijana yule alikuwa mzima kama chuma. Alikuwa AS, na siku hiyo ndiyo aliyojua.

Mwaka 1949 Anthony Allison, kijana aliyekulia humu Kenya, alizunguka nchini akikusanya damu za jamii mbalimbali. Pwani na kandokando ya Ziwa Victoria alikuta jamii ambazo wabebaji walizidi asilimia 20. Kwenye nyanda za juu hawakufika asilimia 1. Ramani hiyo ilifanana na ramani ya malaria, na mwaka 1954 alichapisha ushahidi kwamba AS humkinga mtu dhidi ya malaria. Watafiti wa Kilifi walilipima jambo hilo upya, na mwaka 2005 wakaripoti kwamba mtoto mwenye AS ana kinga ya karibu asilimia 90 dhidi ya malaria kali.

Piga hesabu mwenyewe. Mahali penye malaria nyingi, mtoto wa AA yuko hatarini kuuawa na malaria, wa SS kuuawa na selimundu, na wa AS anaponea katikati, anakua, anazaa. Anapozaa huirithisha S, kwa wastani, kwa nusu ya watoto wake. Ndiyo maana haiishi. Uteuzi asilia si mganga, hauna haja ya kumponya yeyote. Ni tofauti tu ya nani anaacha watoto wengi wanaofika utu uzima. Dhana ya kwamba kazi yake ni "kuondoa walio dhaifu" ndiyo iliyompotosha kijana, na simlaumu, kwa kuwa hata sisi walimu huisema hivyo tukiwa na haraka ya kumaliza silabasi. Hapa Nairobi, mita zaidi ya 1,600 juu ya bahari, mbu wa malaria hawasumbui sana, kwa hiyo faida ya AS inapungua na hasara ya SS inabaki. Nadharia inatabiri kwamba kizazi baada ya kizazi S itapungua mahali kama hapa, ila polepole mno, kwa sababu nakala nyingi za S zimejificha ndani ya watu wa AS ambao haziwadhuru.

Weka hiyo akilini, tutairudia.

Wakosoaji waliomtesa Darwin kwa haki walikuwa wawili, na wote walikuwa watu wa hesabu. Wa kwanza ni Fleeming Jenkin, mhandisi, aliyeandika mwaka 1867. Wakati huo wengi waliamini kwamba urithi ni kama kuchanganya chai: baba strungi, mama maziwa, mtoto chai ya maziwa. Jenkin akasema, kama ni hivyo, sifa mpya nzuri ikitokea kwa kiumbe mmoja ni kama tone la maziwa ndani ya sufuria ya strungi. Baada ya vizazi vichache hulioni tena, na uteuzi hauna cha kuteua. (Mfano alioutumia ulikuwa wa mzungu aliyevunjikiwa na merikebu akaishia kisiwa cha watu weusi, na jinsi ambavyo hata "ubora" wake usingewageuza wenyeji kuwa weupe. Dharau tupu, lakini hesabu yake ilikuwa sahihi.)

Darwin hakuwa na jibu zuri. Jibu lilikuwa tayari limechapishwa mwaka mmoja kabla, 1866, na Gregor Mendel, mtawa aliyekuwa akipanda njegere, na dunia haikulizingatia hadi mwaka 1900. Urithi si chai, ni githeri. Mahindi na maharagwe yamechanganyika sufuria moja, lakini kila punje iko nzima, na unaweza kuichota ilivyo. Ile S inaweza kukaa kimya vizazi vitatu na kutokea ikiwa S ileile, haijapauka hata kidogo. Kwa hiyo hoja ya Jenkin haikuua uteuzi asilia. Iliua nadharia ya urithi ambayo uteuzi huo ulikuwa umeegemezwa juu yake, na pengo likajazwa na kitu bora.

Wa pili ni Lord Kelvin, mwanafizikia. Alikokotoa muda ambao dunia ingechukua kupoa kutoka kwenye hali ya kuyeyuka. Mwaka 1862 alipata kati ya miaka milioni 20 na milioni 400, na kufikia 1897 alikuwa amebana hadi kati ya milioni 20 na 40. Muda huo ni mfupi mno kwa mabadiliko ya polepole. Wengi husimulia kwamba Kelvin aliangushwa na ugunduzi wa mnururisho (radioactivity) mwaka 1896, na ni kweli kwamba mnururisho ndio uliotupa saa ya kupimia miamba na umri wa dunia wa takriban miaka bilioni 4.5. Lakini kosa lake kubwa lilikuwa limeshaonyeshwa mwaka 1895 na John Perry, aliyewahi kuwa msaidizi wake: Kelvin alichukulia dunia kama jiwe gumu linalopoa kuanzia nje, kumbe ndani yake joto husafirishwa na mwamba unaosogea polepole, kama uji unaotokota. Napenda kisa hiki kwa sababu kinaonyesha ukosoaji wa kweli ulivyo. Kelvin alitoa tarakimu, na tarakimu unaweza kuikagua.

Hoja ninayoiona nzito zaidi katika karne ya 20 wala haimo kwenye karatasi ya kijana, jambo linalonifanya nishuku kwamba aliyeiandika hakusoma sana. Mwaka 1968 mwanajenetiki Motoo Kimura wa Japani alidai kwamba mabadiliko mengi kwenye DNA, yaani maandishi ya urithi ndani ya seli, hayaletwi na uteuzi kabisa. Hayana faida wala hasara, na huenea au hupotea kwa bahati tu, kama jina la ukoo mdogo linavyoweza kupotea kwa sababu kizazi kimoja kilizaa mabinti watupu, wala si kwamba ukoo ulikuwa mbaya.

Tuitazame S kwa karibu uone anachosema. DNA husomwa herufi tatu tatu, na kila tatu huagiza tofali moja la protini. Katika nafasi ya sita ya mnyororo wa beta wa hemoglobini kuna GAG, inayoagiza asidi ya glutamiki. Herufi ya mwisho ikigeuka ikawa GAA, bado ni glutamiki ileile. Mwili hautambui chochote, na uteuzi hauna pa kushika. Herufi ya katikati ikigeuka ikawa GTG, tofali linakuwa valini, hemoglobini inanatana, na hiyo ndiyo selimundu. Neno ni lilelile, herufi imegeuka moja tu kila mara. Kosa la kwanza ni ufalme wa Kimura, la pili ni ufalme wa Darwin. Wanabiolojia walipigana kwa miaka mingi juu ya mpaka wa falme hizo mbili, na leo hakuna mtaalamu wa jenetiki anayefanya kazi bila kuhesabu bahati. Unaona lakini: mkosoaji mkubwa kuliko wote wa uteuzi asilia hakuwahi kusema viumbe havina ukoo mmoja. Alikuwa anazungumzia makato ya benki.

Kwa roho hiyohiyo, mwaka 1979 wanabiolojia Stephen Jay Gould na Richard Lewontin waliwakaripia wenzao kwa kutunga hadithi ya faida kwa kila kiungo. Damu ni nyekundu kwa sababu ya hemoglobini yenye chuma, si kwa kuwa wekundu wenyewe unamsaidia mtu. Kemeo hilo lilistahili na bado linastahili. Ukisoma gazetini kwamba wanaume hupenda hiki au kile "kwa sababu ya mageuko", shuku kwanza.

Sasa karatasi yenyewe. "Anayefaa ndiye anayebaki" ni msemo wa Herbert Spencer wa mwaka 1864, Darwin akauazima baadaye. Ukiulizwa nani anayefaa ukajibu "aliyebaki", ni kweli unazunguka. Lakini Allison hakuzunguka. Hakungoja kuona nani amebaki ndipo amwite anayefaa. Alitaja sababu, yaani kinga dhidi ya malaria, na sababu hiyo inapimwa peke yake. Ingekutwa S imejaa Nyandarua na haipo Kisumu, angekuwa ameumbuka. Kama una umri wa kukumbuka klorokwini, ile dawa ya malaria, ule uchungu na ule mwasho, kuna mfano mwingine. Vimelea vya malaria viliizoea mpaka ikawa haina maana. Malawi iliacha kuitumia mwaka 1993. Kama usugu ni mzigo kwa kimelea pale dawa isipokuwepo, usugu ungetarajiwa kupungua, na ulipungua: utafiti uliochapishwa mwaka 2006 ulionyesha klorokwini ikiponya tena karibu wagonjwa wote waliopewa huko.

Kuhusu Popper, nukuu ni ya kweli. Mwaka 1974 aliandika kwamba nadharia ya Darwin si nadharia ya kisayansi inayoweza kupimwa bali ni mpango wa utafiti wa kimetafizikia, yaani wa kifalsafa usiopimika moja kwa moja, na hata hapo aliuona una thamani kubwa. Mwaka 1977, katika mhadhara alioutoa Cambridge, alisema wazi kwamba amebadili msimamo wake juu ya jambo hilo. Mtu anayekupa nusu ya kwanza bila ya pili ama hakusoma, ama amesoma.

Visukuku vya kati. Hapa nina hasira kidogo, kwa sababu huyu ni mtoto wa Nairobi. Mwaka 1984 Kamoya Kimeu, mtafutaji visukuku Mkenya ambaye jicho lake halikuwa na mfano, aliona kipande kidogo cha fuvu kule Nariokotome, magharibi mwa Ziwa Turkana. Kilichochimbuliwa ni karibu mifupa yote ya mvulana aliyeishi takriban miaka milioni 1.5 iliyopita. Kuanzia shingoni kwenda chini ana miguu mirefu na nyonga za kutembea, kama za kijana wa kwetu. Ukifika kichwani unakuta paji lililolala, tuta la mfupa juu ya macho, hakuna kidevu, na ubongo wa takriban theluthi mbili ya wetu. Muulize mwanao angemweka upande gani. Ni kweli kwamba mwaka 1972 mtaalamu wa visukuku Niles Eldredge na yule Gould walisema visukuku huonyesha spishi zikikaa muda mrefu bila kubadilika, kisha mabadiliko ya haraka. "Haraka" yao ni makumi ya maelfu ya miaka, na walikuwa wanabishania mwendo wa safari, si kama safari ilikuwepo.

Jicho nitalipita upesi, maana Darwin mwenyewe alilijadili. Baadhi ya konokono wa baharini walio hai leo wana kidimbwi tu cha seli zinazohisi mwanga. Nautilasi, mnyama wa baharini mwenye kombe, ana tundu lisilo na lenzi. Pweza ana lenzi kamili. Wote ni wa kundi moja la moluska, wanyama wenye mwili laini, na kila mmoja anaishi vizuri na jicho alilo nalo.

Je, kuna maswali ambayo bado hayajajibiwa? Yapo. Uhai wenyewe ulianzaje hatujui, na uteuzi asilia haulijibu swali hilo kwa sababu huhitaji kwanza kitu kinachojinakili. Mwaka 2014 jarida la *Nature* lilichapisha mjadala wa makundi mawili ya wanabiolojia: moja likisema nadharia inahitaji kupanuliwa ili iwape nafasi kubwa zaidi makuzi ya kiumbe na jinsi viumbe vinavyojitengenezea mazingira, jingine likisema hayo yote tayari yamo. Mimi naegemea kundi la pili, ingawa naona la kwanza linauliza maswali mazuri kuliko sisi.

Juu ya dini sitakupaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Anayeshikilia kwamba dunia ina miaka 6,000 atagongana na biolojia, na jiolojia, na fizikia pia. Lakini Theodosius Dobzhansky, mmoja wa wajenzi wa nadharia ya kisasa, alikuwa Mkristo wa Kanisa la Orthodoksi, na mwaka 1996 Papa Yohane Paulo II alisema mageuko ni zaidi ya dhahania tu. Sayansi haina kipimo cha kumwona Mungu wala cha kumkosa. Mwalimu anayemwambia mtoto achague kimoja, awe wa biolojia au wa semina, anavuka mpaka wa somo lake.

Kwa hiyo usimnyang'anye karatasi. Mwende naye Makumbusho ya Kitaifa pale Museum Hill Jumamosi moja, aibebe mfukoni, asimame mbele ya mvulana wa Turkana. Maswali yatakayobaki ayapeleke kwa mwalimu wake wa biolojia, na yale ya imani kwa kasisi au mchungaji mnayemwamini, ana kwa ana. Ukiona swali hili limemtoa usingizi au ameanza kujitenga na wenzake kabla ya mtihani, mwone mshauri wa shule. Hapo si suala la Darwin tena.

Na moja ambalo hukuuliza. Kama binti ya dada yako ana SS, basi dada yako karibu hakika anabeba S, na wewe unaweza kuwa unaibeba, na mwanao pia. Nendeni hospitali mkapime aina ya hemoglobini. Ni kipimo cha damu, hufanywa mara moja maishani. Wabebaji wawili wakioana, kila mimba ina nafasi moja kati ya nne ya kuwa SS, na ni vyema kijana alijue hilo mapema. Wala msije mkasikia "selimundu hukinga malaria" mkaona mtoto yule yuko salama. Kinga ni ya AS. Kwa mwenye SS malaria ni hatari zaidi kuliko kwa watoto wengine: alale ndani ya chandarua, ameze dawa ya kinga anayoandikiwa kliniki bila kuruka, na akipata homa apelekwe hospitali siku hiyohiyo.